Kumkumbuka Daktari Semmelweis

Watu wengi hudhani ya kuwa kumkumbuka mtu mwenye elimu ni kujua jina lake na mwaka aliozaliwa. Mwanafunzi huyashika majina hayo kwa moyo mpaka siku ya mtihani, kisha huyatupa kama mtu atuavyo mzigo. Kumbukumbu ya namna hiyo haimpi aliyekufa heshima, wala haimfai aliye hai. Mtu mwenye elimu hukumbukwa kweli pale watu wanapofahamu jinsi alivyoitafuta kweli, na tabu aliyoipata kwa ajili yake, nao wakaifuata. Habari za Daktari Ignaz Semmelweis zaonyesha neno hili wazi.

Semmelweis alizaliwa mwaka 1818 katika mji wa Buda, nchi ya Hungaria. Mwaka 1846 alipata kazi katika hospitali kubwa ya mji wa Vienna, nchi ya Austria. Hospitali ile ilikuwa na nyumba mbili za wanawake wanaojifungua. Katika nyumba ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari, na katika nyumba ya pili walifundishwa wakunga. Mwaka ule wanawake 4,010 walijifungua katika nyumba ya kwanza, wakafa 459. Katika nyumba ya pili walijifungua 3,754, wakafa 105 tu. Ugonjwa uliowaua hasa ulikuwa homa ya uzazi. Habari hiyo ilienea mjini, hata wanawake wakapiga magoti wakilia, wakisihi wasipelekwe nyumba ya kwanza.

Madaktari wengi walisema ati homa ile yaletwa na hewa mbaya. Semmelweis aliona ya kuwa maneno hayo hayapatani na hesabu. Hewa ya mji ni moja, na nyumba zile zilikuwa karibu karibu; mbona mauti yachague mlango mmoja na kuuacha wa pili? Basi akaanza kujaribu jambo moja moja. Aliona ya kuwa katika nyumba ya pili wanawake hulala kwa ubavu wakati wa kuzaa. Akaamuru ifanywe vivyo hivyo katika nyumba ya kwanza, wala vifo havikupungua. Tena padre alikuwa akipita katika nyumba ya kwanza na kengele, akienda kwa wale wanaokufa, na watu wakadhani kuwa hofu ya kengele ile ndiyo inayoua. Semmelweis akamwomba apite njia nyingine, bila kengele. Vifo havikupungua.

Mwezi wa Machi 1847, rafiki yake, Daktari Jakob Kolletschka, alikufa baada ya kukatwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Semmelweis alipozisoma habari za ugonjwa wa rafiki yake, aliona dalili zile zile za homa ya uzazi. Ndipo akafahamu. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka katika chumba cha maiti na kwenda kwa wanawake, nao walichukua mikononi mwao uchafu wenye kuua. Wakunga hawakupasua maiti. Mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mgonjwa. Mwaka 1848 wanawake 3,556 walijifungua katika nyumba ya kwanza, wakafa 45.

Mtu angedhani ya kuwa mabingwa wa Ulaya walifurahi. Sivyo, wengi walimkataa, na mwaka 1849 kazi yake pale ilikwisha, wala hakupewa tena. Ilikuwa vigumu mno kwa daktari kukubali kuwa mkono wake mwenyewe, uliokuja kuponya, ndio ulioua. Madaktari wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wenye bidii na heshima. Lakini heshima ile iliwaziba masikio. Hili lafaa kukumbukwa kuliko mwaka wo wote wa kuzaliwa: nia njema haimzuii mtu kudhuru, ikiwa hataki kuonywa.

Wala si haki kumkumbuka Semmelweis kwa sifa tupu. Yeye naye alikosa. Alikawia kuandika; kitabu chake hakikutoka mpaka mwaka 1861. Na alipoona hasikiwi, aliwaandikia wapinzani wake barua za ukali, akiwaita wauaji. Hasira hasara: waliotukanwa hawakusoma hesabu zake, walisoma matusi. Tena hakuweza kuwaonyesha kitu chenyewe kilichokuwa mikononi mwao, maana kazi ya vijidudu katika magonjwa ilikuwa haijajulikana bado. Mwaka 1865 alitiwa katika hospitali ya wenye wazimu, na baada ya wiki mbili akafa kwa kidonda kilichooza na kutia sumu katika damu. Umri wake ulikuwa miaka 47.

Baada ya kufa kwake kweli ilidhihirika. Mwaka 1867 Joseph Lister wa Uingereza aliandika jinsi alivyozuia vidonda visioze kwa kutumia dawa ya kuua vijidudu. Mwaka 1879 Louis Pasteur wa Ufaransa alieleza habari za kijidudu kinacholeta homa ya uzazi. Na tangu mwaka 1969 chuo kikuu cha udaktari cha mji wa Budapest chaitwa kwa jina la Semmelweis. Ni heshima iliyo haki, ila jina juu ya lango haliokoi mzazi hata mmoja.

Labda mwanafunzi atauliza, mtu wa Hungaria aliyekufa zamani amhusu nini? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila mkunga anawapo mikono kabla ya kumshika mwanamke mwenye uchungu, anafuata kweli iliyogunduliwa kwa machozi ya wanawake wa Vienna, na kwa subira ya mtu aliyehesabu vifo badala ya kuvizoea. Vijidudu vile havijakwisha duniani, na mikono michafu ina nguvu ya kuua sasa kama ilivyokuwa zamani zile.

Basi mwanafunzi aliyesahau mwaka wa kuzaliwa kwake Semmelweis, lakini hunawa mikono yake kwa sabuni kabla ya kumpakata ndugu yake mchanga, amemkumbuka vema kuliko yule ajuaye miaka yote, na mikono yake ni michafu.