Taa ya Injini ni Shahidi, Si Kadhi

Katika nyumba nyingi za Njombe na Makambako gari si pambo. Ndilo lipelekalo viazi na parachichi sokoni, ndilo limfikishalo mgonjwa hospitali usiku. Aghalabu ni gari lililokwisha tumika miaka mingi Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, nalo limepanda nyanda za juu likiwa na uchovu wake. Siku taa ya injini inapowaka, mwenye gari huambiwa maneno mawili tu: "Kompyuta imekufa." Basi hutoka fedha za mbolea, au ada ya mtoto, ikanunuliwa kompyuta nyingine iliyokwisha tumika, na baada ya juma moja taa ile ile yawaka tena.

Mwezi huu twapenda kueleza kwa nini mambo huwa hivyo. Neno letu ni moja: taa ile ni shahidi, wala si kadhi. Shahidi husema aliyoyaona. Hukumu hutolewa baada ya kuchunguza. Na kadhi mwadilifu hahukumu kwa kauli ya shahidi mmoja.

Injini za zamani zilikuwa na kabureta, iliyochanganya petroli na hewa kwa nguvu ya mvuto wa hewa yenyewe. Mwaka 1967 kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuuza magari yenye mtambo wa Bosch, ambao kiasi cha petroli huamriwa kwa umeme. Kutoka hapo utaratibu huo ulienea, na ndio uliozaa kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi. Kompyuta hiyo haioni petroli, wala haisikii mlio wa injini. Hujua yale tu iletewayo na nyaya kutoka kwenye vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa. Ikiletewa habari za uongo, itatoa amri mbaya kwa nia njema.

Na tutazame mifano mitatu ya nchi yetu hii ya juu.

Wa kwanza ni baridi. Asubuhi za Juni na Julai Njombe kila mtu azijua. Kabla ya kutoa petroli, kompyuta hukiuliza kihisi cha joto la maji: injini ni baridi au ina moto? Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 kihisi hicho hujibu kwa ukinzani wa umeme, ambao ni baina ya omu 2,000 na 3,000 maji yakiwa na nyuzi 20 za joto, na baina ya omu 200 na 400 yakifika nyuzi 80. Waya wake ukikatika, kompyuta hukisia kwamba injini ina moto, ikatoa petroli kidogo. Hivyo gari hukataa kuwaka alfajiri, na likisha kupata moto huenda bila taabu. Hapo taa itashuhudia. Lakini kihisi kikiwa kinasema maji ni baridi hali yamekwisha pata moto, huenda kompyuta ikakisadiki. Petroli itazidi, moshi mweusi utatoka, plagi zitachafuka, na taa isiwake kabisa. Kosa lipo, na shahidi amenyamaza.

Wa pili ni mlima. Gari hutoka Makambako na mzigo, huenda vema penye tambarare, kisha katika vilima vya zile kilomita kama 60 za kwenda Njombe hukosa nguvu na kutaka kuzima. Taa huwaka, na ushahidi wake ni kwamba petroli ni chache kuliko hewa. Habari hiyo imeletwa na kihisi kilicho katika bomba la moshi. Basi fundi mwenye haraka hukitoa kihisi hicho na kutia kingine. Maskini kihisi kilikuwa kikisema kweli! Huenda kosa ni chujio la petroli lililoziba, au pampu iliyochoka, au mpira wa hewa uliopasuka. Kwa injini nyingi za petroli za Toyota za miaka hiyo geji ya presha yapasa kusoma baina ya ratili 38 na 44 kwa inchi ya mraba, mpira wa hewa wa regyuleta ukiwa umechomolewa. Presha ikiwa chini ya hapo, ugomvi si wa kompyuta.

Tena yafaa kuyashuku mafuta yenyewe. Kuchanganya mafuta ya taa katika petroli na dizeli kulikuwa ni balaa kubwa nchini, hata EWURA ikaanza mwaka 2010 utaratibu wa kuyatia mafuta alama ili yachanganywayo yatambulikane, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Taabu ikianza mara baada ya kujaza tanki, jambo la kwanza ni kutoa petroli kidogo katika chupa safi na kuiacha itulie; maji yakiwamo yatazama chini.

Wa tatu ni mwinuko. Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika tano. Gari lililokuwa na nguvu Dar es Salaam litapungukiwa Njombe, na hilo si ugonjwa. Kompyuta nzima hupunguza petroli ili ilingane na hewa. Nguvu iliyopotea haiwezi kuirudisha.

Sasa, utaratibu wa uchunguzi uwe huu. Usitoe waya wa betri kabla ya kusoma ushahidi, kwani katika magari mengi ya zamani huko ni kuufuta. Toyota nyingi za miaka ile zina kisanduku kidogo chini ya boneti: fundi huunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, hufungua swichi bila kuwasha injini, na kuhesabu mimweko ya taa. Miwili, kituo, kisha miwili, ni 22, yaani mkondo wa kihisi cha joto la maji. Zingatia neno "mkondo": ni kihisi, na waya wake, na kiungio chake. Taa ikimweka mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililoandikwa.

Ijulikane pia kwamba magari mengi ya Japani ya miaka hiyo yana tundu ambalo chombo cha kisasa cha kusomea chaingia barabara, lakini lugha zao ni mbalimbali. Chombo kikishindwa kusoma, hiyo si dalili kwamba kompyuta imekufa. Taa ikiwaka swichi inapofunguliwa, kisha ikazimika injini inapowaka, aghalabu kompyuta ina uhai.

Baadaye huchunguzwa vya bei ndogo kwanza: betri, ambayo ikijaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, fyuzi, nyaya za ethi zenye kutu, mipira ya hewa, chujio. Kompyuta iwe ya mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba umeme na ethi vyaifikia. Na kabla ya kufungua bomba la petroli presha ipunguzwe, jiko na sigara viwe mbali, na watoto wasiwe karibu. Hakuna gari lenye thamani ya ngozi ya mtoto.

Yabaki neno la uaminifu. Kijana ajifunzaye ufundi, sema "sijajua bado" pale ambapo hujajua. Kukisia kwa fedha ya mwenzio ni dhuluma, hata kama hukukusudia. Mrudishie mwenye gari kifaa cha zamani, na umwonyeshe kipimo kilichokihukumu. Nawe mwenye gari, usimfiche fundi kwamba ulijaza mafuta ya madumu njiani, au kwamba gari lilichomelewa juzi hali betri imefungwa. Na kabla hujatoa fedha, muulize kwa adabu: "Fundi, umepima nini, na kipimo kimesema nini?" Mwenye kujua kazi yake hatachukizwa na swali hilo. Asiyeweza kulijibu, mshukuru kwa taabu yake, na fedha ya ada ibaki mfukoni.