Mchezo Haupimwi kwa Saa

Januari 2022, kampuni ya Techland ilijinadi kwamba kuumaliza kikamilifu mchezo wake wa kompyuta, Dying Light 2, kungehitaji saa 500. Mimi nilijiuliza: nani kasema saa za mtu ni bure? Anayegawanya bei kwa saa husahau kwamba saa hizo nazo ni mali yake.

Kipimo hiki kina waathiriwa. Duka la mtandaoni la Steam humrejeshea fedha mnunuzi aliyecheza chini ya saa mbili, mradi aombe ndani ya siku 14. Mwaka 2021 mtengenezaji wa Summer of '58, mchezo unaokwisha kabla ya muda huo, alitangaza kuiacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana, kwa kuwa wachezaji wengi walikuwa wakirejeshewa fedha. Mgahawani, aliyekwisha kulamba sahani hadai bei ya chakula.

Sisemi urefu ni dhambi. Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984, hauna mwisho uliopangwa, na watu wangali wanaurudia. Huurudia kwa sababu unavuta, si kwa sababu umejazwa makorokoro. (Nimesahihisha tasnifu za kutosha kuutambua ukurasa uliotiwa maji.)

Sharti hilo la dukani na lirekebishwe: aliyeufikia mwisho wa mchezo asirejeshewe fedha, uwe wa saa moja au wa saa 500.