Kabila, Kaunti ya Asili na Mtoto wa Makongeni

Naomba nianze na fomu. Mapema mwaka huu mdogo wangu, msichana aliyehitimu shahada ya sheria na ambaye sasa anahitaji karo ya kujiunga na Shule ya Sheria ya Kenya, alinijia na fomu ya kuomba ufadhili wa masomo. Mfadhili mwenyewe sitamtaja, maana kasoro ninayoikusudia si yake peke yake. Ukurasa wa kwanza uliuliza jina, nambari ya kitambulisho, kabila, kaunti ya asili, lokesheni na jina la chifu. Chini yake paliachwa nafasi ya muhuri wa chifu huyo. Alama za mtihani ziliulizwa ukurasa wa nne. Anachokusudia kuifanyia hiyo sheria akiisha kuipata hakikuulizwa popote.

Tuliketi mezani kwa mama tukaanza kujaza. Tulipofika penye kabila, kalamu ikasita. Baba yetu ana asili ya Kakamega, mama ana asili ya Machakos. Sisi watoto sote tulizaliwa Nairobi na kulelewa Makongeni, katika nyumba ya reli aliyoipata babu alipokuwa mfanyakazi wa reli ya Afrika Mashariki, kabla ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Kiluhya tunakielewa kwa kiwango cha salamu na matanga. Kikamba tunakijua kwa kadiri mama alivyotugombeza. Lugha tuliyoanza kusemea, tukachezea na kugombania ni Kiswahili, kile cha Jogoo Road ambacho walimu wetu walikichapia viboko na ambacho Abdulaziz na Osinde (1997) walikitafiti kwa heshima zaidi.

"Andika la babako," mama akasema. Akaliandika. Chifu wa kwa babu alipopigiwa simu alijibu kwamba hawezi kumgongea muhuri mtu asiyemjua, na kwa hakika hakukosea. Chifu wa mtaani naye alieleza kwamba fomu inamtaka chifu wa nyumbani. "Sasa mimi kwetu ni wapi?" mdogo wangu akaniuliza. Sisi wa fasihi tungeliita hilo swali la balagha. Yeye alitaka jibu, kwa sababu fomu ilikuwa ifungwe Ijumaa.

Nisieleweke vibaya. Sipingi ufadhili unaolengwa kwa jamii fulani. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 27, inaitaka serikali ichukue hatua za kurekebisha hasara waliyoipata watu kutokana na ubaguzi wa zamani, na Ibara ya 56 inataja nafasi maalumu za elimu kwa walio wachache na waliotengwa. Mtoto aliyesomea chini ya mti kule Turkana ana haki ya kutangulizwa mbele yangu, nami sitamwonea kijicho. Ninachouliza ni hiki: fomu inaposema "jamii", inakusudia nini? Mbona jibu huwa damu ya baba na kaburi la babu?

Wapenzi wa Kiswahili watakumbuka kwamba mjadala wa "Mswahili ni nani" umetuchosha na kutufaidi kwa miaka mingi. Wako waliosema ni mtu wa ukoo fulani wa pwani, wengine wakasema ni kila mwenye lugha na utamaduni huo, na Mazrui na Shariff (1994) wakatuandikia kitabu kizima juu ya utambulisho huo na jinsi ulivyovurugwa na wakoloni. Mjadala wa aina hiyo umewakuta pia Wamarekani, nao huko umekuwa na fedha ndani yake. Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukusanya takwimu za raia wenye asili ya nchi zinazosema Kihispania, na sensa ya 1980 ikamuuliza kila mtu swali hilo. Hao ndio ambao wengi hujiita Walatino. Miongoni mwao wamo weupe, weusi na wenye damu ya wenyeji wa kale wa Amerika. Kijana wa Kilatino anaweza hata asijue Kihispania, lakini jina la kundi lake limetokana na lugha, si na rangi. Kuna ufadhili wa masomo ya sheria uliotengwa kwa ajili yao, na hapo ndipo penye la kutufunza.

Kwa nini sheria hasa? Mnamo mwaka 1951, katika wilaya ya Jackson jimboni Texas, kibarua aitwaye Pete Hernandez alihukumiwa kwa kosa la mauaji na juri ambalo halikuwa na Mlatino hata mmoja. Kwa miaka 25 hapakuwa na Mlatino aliyewahi kuketi katika juri za wilaya hiyo. Serikali ya jimbo ilijitetea kwamba Wameksiko ni weupe kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo hawawezi kusema wamebaguliwa na weupe wenzao. Mawakili wawili wenye asili ya Meksiko, Gus Garcia na Carlos Cadena, waliifikisha kesi Mahakama ya Juu. Ushahidi wao mmoja ulikuwa choo. Katika jengo lenyewe la mahakama palikuwa na vyoo viwili vya wanaume: kimoja hakikuandikwa kitu, cha pili kiliandikwa kuwa ni cha watu weusi, na chini yake pakaongezwa maneno ya Kihispania, "Hombres Aquí", yaani wanaume hapa. Mwezi Mei 1954 Mahakama iliamua kwamba jamii hutambulika pia kwa namna watu wa mahali fulani wanavyoitenda, na Hernandez akapewa haki ya kusikizwa upya. Wakili asiyewahi kuoneshwa mlango ule angeupita bila kuusoma.

Shirika la MALDEF, lililoanzishwa mwaka 1968 kutetea haki za Walatino kwa njia ya mahakama, limekuwa likiwafadhili wanafunzi wa sheria. Vipimo vyake vikuu ni vitatu: ufanisi wa masomo, uhitaji wa fedha, na bidii ya mwombaji katika kuwatumikia Walatino. Soma tena hicho cha tatu. Mwombaji haulizwi tu ametoka tumbo gani. Anaulizwa amewafanyia nini hao anaowaita wake. Na tangu Juni 2023, Mahakama ya Juu ya huko ilipopiga marufuku kuzingatia rangi katika kuwateua wanafunzi wa vyuo vikuu, kipimo cha namna hii kimezidi uzito, kwani hukumu hiyo yenyewe iliacha nafasi ya mwombaji kueleza jinsi maisha yake yalivyomjenga.

Turudi Eastlands, maana tuna choo chetu. Mwaka 2010 wakazi wa Muthurwa, mtaa wa reli kama wetu, walipewa ilani ya kuhama, kisha maji yakakatwa. Wakaenda Mahakama Kuu chini ya Katiba iliyokuwa changa kama mtoto wa siku arubaini. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa, akaziagiza pande zote zikutane kupanga namna ya kuhama inayolinda utu wa watu. Hukumu hiyo hutajwa sana na wanasheria. Mtaani kwetu niliwahi kuisikia ikisimuliwa kinyozini, imepinda kidogo, ila imesimama. Aliyekuwa akiisimulia hakuwa wakili. Wakili hakuwapo.

Aidha, kuna suala la lugha ambalo chama chetu kingepaswa kulivalia njuga. Sheria za Kenya zinaruhusu Kiswahili kitumike katika mahakama za chini, na Ibara ya 7 inakitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nenda Mahakama ya Makadara uketi benchi la nyuma asubuhi moja. Mshtakiwa anasema Kiswahili, karani anatafsiri, hakimu anaandika Kiingereza, na mshtakiwa anamtazama karani usoni ajue kama ameshinda ama ameshindwa. Wakili aliyelelewa Makongeni angemweleza mtu huyo kesi yake kwa lugha aliyoiibia nayo kuku, kama kweli aliiba. Huo ni ujuzi. Lakini hakuna fomu niliyopata kuiona inayoupa alama.

Yamkini nitaambiwa kwamba mtu wa Nairobi ana nafasi tele na hapaswi kulalamika. Tumeishi ng'ambo ya barabara tu kutoka Viwandani kwenye kazi, na kazi tumezipata chache. Nitaambiwa pia kwamba watu watadanganya kuhusu walikolelewa. Je, sasa hawadanganyi? Ni rahisi zaidi kuthibitisha shule ya msingi aliyosoma mtu kwa miaka minane kuliko kuthibitisha kijiji anachokitembelea Desemba. Mwalimu mkuu ana rejista. Basi na aombwe yeye barua. Mwombaji naye apewe ukurasa mmoja aeleze, kwa Kiswahili au Kiingereza, ni watu gani anaowatumikia na kwa kazi gani, na watu hao wawili watatu watie sahihi.

Ama sivyo, tuige Wamakonde. Wao walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016, na hatimaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Walistahili, baada ya miongo ya kuishi bila kitambulisho. Ila sisi wa Makongeni hata tukitembea hadi Ikulu ni mwendo wa asubuhi moja, na sidhani utamhuzunisha mtu.

Mdogo wangu aliipeleka fomu siku ya Ijumaa bila muhuri. Badala yake aliambatisha karatasi ambayo hakuombwa, akieleza kwamba kwa miaka mitatu, kila Jumamosi alasiri, amekuwa akiwasomea majirani mikataba ya kukodi na ilani za kuhama na kuwafasiria kwa Kiswahili. Chini yake walitia sahihi mama muuza mboga, mzee mmoja mstaafu wa reli, na kinyozi. Hadi ninapoandika haya hajajibiwa. Chama cha akina mama kimechanga sehemu ya karo, nami nimeahidi kwamba nikishawasilisha tasnifu yangu nitauza kipatakilishi.