Amina, Binti Aliyelipa Deni Lisilo Lake

Mwezi huu twawaletea habari za kitabu kiitwacho Peponi. Aliyekitunga ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 Bibi Ida Hadjivayanis akakifasiri kwa Kiswahili.

Kisa ni cha Yusuf, kijana wa miaka 12, ambaye baba yake alimtoa kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni. Msomaji wa kitabu cha Mwanzo atamkumbuka mara Yusufu aliyeuzwa na nduguze. Hata mke mkubwa wa Aziz aitwa Zulekha, jina ambalo Waislamu wamempa mke wa Potifa tangu kale. Naye alimshika kijana hata nguo ikapasuka mgongoni.

Lakini sisi twataka kumtazama Amina, mke mdogo, ambaye haonekani mpaka kitabu kikaribie mwisho. Alipokuwa mtoto aliibwa. Baba yake Khalil akamwokoa, akamlea kama bintiye. Kisha mzee huyo akalemewa na deni la Aziz, akawatoa watoto wote wawili: Khalil awe rehani hata Amina afike umri wa kuolewa. Mzee akafa asiwakomboe. Amina akaolewa na Aziz, na Khalil akaambiwa yu huru. Hakwenda popote, kwa sababu ya dada yake.

Tuyapime haya. Khalil alikuwa rehani, na rehani hukombolewa. Amina alikuwa malipo yenyewe, na malipo hayarudishwi. Uhuru wa ndugu ulinunuliwa kwa kifungo cha dada. Nyumba ile ina bustani nzuri ambayo Yusuf aliiona kama pepo. Amina, akaaye ndani yake, aiona kuwa jehanamu. Yusuf alimsihi watoroke pamoja. Mwisho, vita vya 1914 vikikaribia, akawakimbilia askari wa Wadachi, na Amina akabaki. Yusufu wa Maandiko aliinuliwa, akawaokoa nduguze na njaa. Yusuf huyu hakumwokoa mtu.

Twajua ya kuwa soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na pale Mkunazini likajengwa kanisa kuu. Lakini biashara ya namna ya Aziz haikuhitaji soko: yatosha baba mwenye deni, tajiri mwenye subira, na binti asiyeulizwa.

Basi, enyi wazazi, mahari ya binti isiwe dawa ya madeni ya baba. Nanyi walimu, mkikisoma kitabu hiki pamoja na wanafunzi wakubwa, msiishie kwa Yusuf. Waulizeni: katika watu wote wa nyumba ile, ni nani aliyemwuliza Amina alitaka nini?