Kigarimoshi Kisifungiwe Kabatini

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wazee hao hawakuwa na habari ya magarimoshi, seuze yale madogo yanayozunguka juu ya meza, lakini methali yao inanifaa leo. Nataka kuutetea mchezo ambao wengi hapa shuleni huucheka: kukusanya na kuendesha vigarimoshi. Msimamo wangu ni huu. Kigarimoshi ni shule kamili, ila shule hiyo hufunguliwa tu kikiendeshwa na kutengenezwa. Kikifungiwa kabatini ni pambo tu, tena pambo la bei ghali.

Najua mtakayosema. Wapo wanaosema eti huu ni mchezo wa watoto wa chekechea. Wengine wanasema ni anasa ya Wazungu wenye pesa zisizo na kazi. Mwalimu wangu mmoja aliniambia, kwa utani lakini kwa jicho kali, kwamba mtu wa umri wangu anafaa kushika kitabu cha fizikia, si mabehewa. Kwa heshima zote, nitazijibu hoja hizi moja baada ya nyingine.

Hebu kwanza tuufahamu mchezo wenyewe. Kampuni ya Märklin ya mjini Göppingen, Ujerumani, ilionyesha seti yake ya vigarimoshi katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka wa 1891. Injini zilitiwa ufunguo kama saa. Jambo kubwa siku hiyo halikuwa injini bali reli: zilikuwa na upana maalumu, hivyo mtoto aliweza kununua kipande kimoja leo na kingine mwakani, navyo vikaunganika. Huko Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza vigarimoshi vyake mwaka wa 1920. Baadaye umeme ukachukua nafasi ya ufunguo, na injini zikazidi kuwa ndogo. Skeli inayopendwa sana duniani ni ile ya 1 kwa 87, ambayo reli zake zina upana wa milimita 16.5. Kuna hata skeli ya 1 kwa 220, ambayo injini yake inaenea kwenye kiganja na nafasi inabaki.

Sasa nije kwa hoja ya watoto. Je, jumba la Miniatur Wunderland huko Hamburg, lililofunguliwa mwaka wa 2001, lilijengwa na watoto? La hasha! Lina reli ndogo zenye urefu wa zaidi ya kilomita 15. Mwanamuziki Rod Stewart alitumia zaidi ya miaka 20 kujenga mji mzima wa Kimarekani wenye reli zake, na mwaka wa 2019 akauonyesha hadharani. Mtu mzima na akili zake, bwana!

Kuhusu kitabu cha fizikia, mimi nasema kigarimoshi ni kitabu hicho hicho, ila chenye magurudumu. Katika mifumo mingi umeme wa volti 12 hupita kwenye reli moja, ukapanda kupitia gurudumu hadi kwenye mota, ukarudi kupitia reli ya pili. Ukibadilishana nyaya mbili, injini inarudi nyuma. Reli ikishika vumbi au kutu, injini inakwama, na hapo hakuna haja ya kukariri maana ya ukinzani; unauona kwa macho. Afadhali bado ni pale unapotengeneza njia inayozunguka na kujirudia yenyewe kama kitanzi. Reli ya kushoto inakutana na ile ya kulia, umeme unapata njia ya mkato, na kila kitu kinazima. Swali hilo mimi lilinikosesha usingizi siku mbili. Jibu lake ni kukata reli zote mbili mwanzoni na mwishoni mwa kitanzi, kisha kukipa kipande hicho swichi yake. Tangu hapo maswali ya saketi hayanitishi.

Mnaotaka ushahidi mzito zaidi, sikilizeni. Mwaka wa 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani walianzisha chama cha vigarimoshi kilichoitwa Tech Model Railroad Club. Juu ya meza kulikuwa na mabehewa, vilima na stesheni. Chini yake kulikuwa na msitu wa nyaya na swichi za mitambo ya simu. Baadhi ya wanachama walipenda kukaa huko chini kuliko juu, na kompyuta zilipofika chuoni mwao mwishoni mwa miaka ya 1950, ndio waliokesha nazo. Mmoja wao, Steve Russell, aliongoza wenzake kutunga Spacewar!, mmojawapo wa michezo ya kwanza kabisa ya kompyuta, mwaka wa 1962. Kwani nani angethubutu kuwaambia hao waache mchezo washike vitabu?

Hata hivyo, sitetei kila mwenye kabati la injini. Kuna wakusanyaji ambao hununua injini wasiitoe ndani ya kisanduku, kwa kuwa injini iliyo na kisanduku chake cha asili huuzwa ghali zaidi. Hiyo kwangu ni biashara, si mchezo. Tena kabati lenyewe halina huruma. Injini isiyoendeshwa mafuta yake huganda kama gundi. Baadhi ya zile za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, zilizosubiwa kwa zinki iliyochanganyika na risasi, hupasuka na kumomonyoka zenyewe pale pale zilipotunzwa. Kwa hivyo, aliyeificha ili isiharibike anaweza kufungua kisanduku siku moja akakuta unga.

Hoja ya pesa ndiyo nzito kwetu, nami siikwepi. Injini mpya ya dukani ni ghali, na mzazi anayehangaikia karo hawezi kuambiwa habari zake. Lakini mimi nina injini tatu, na hakuna hata moja iliyotoka dukani. Ya kwanza niliinunua Gikomba, katikati ya marundo ya mitumba ya vitu vya watoto, ikiwa haina gurudumu moja. Ya pili nilibadilishana kwa kalamu na kikokotoo kibovu. Ya tatu niliijenga kwa kadibodi, waya na mota ya redio ya kaseti iliyokwisha kufa. Niamini usiamini, hiyo ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Sisi ni watoto wa nchi inayotengeneza magari ya waya. Nani alitudanganya kwamba garimoshi ni lazima linunuliwe?

Hapa ndipo kiini cha maoni yangu kilipo. Vigarimoshi vingi vinavyouzwa vinaiga injini za Ulaya na Marekani. Wenzetu huko wanaijua historia yao kwa vidole. Sisi je? Reli yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Jiji letu kuu lilizaliwa na kambi ya reli. Halafu kulikuwa na injini za mvuke za daraja la 59, aina ya Garratt, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katika miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Injini moja ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31, uzito wa zaidi ya tani 250 na magurudumu 28. Hakuna injini za mvuke zilizokuwa na nguvu kuzishinda katika reli za upana wa mita moja. Kufikia mwaka wa 1980 zote zilikuwa zimeondolewa kazini. Zimebaki mbili tu, Mount Gelai na Mount Shengena, katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Nyingine zikawa vyuma chakavu.

Mbili kati ya 34! Hatuwezi kuzirudisha zilizokatwakatwa, lakini tunaweza kuzijenga upya kwa mikono yetu. Katika skeli ya 1 kwa 50, Mount Gelai ina urefu wa kama sentimita 63, yaani rula mbili za darasani na ushee, na reli yake ni ya upana wa milimita 20. Ikikimbia kilomita 60 kwa saa, ile yetu itakwenda kama sentimita 33 kwa sekunde. Hiyo ni hisabati tosha. Nawe ukishaikata kadibodi na kuikunja, ndipo utaelewa kwa nini tangi la mvuke limeninginizwa katikati ya vigari viwili: ili jitu hilo lipinde kwenye kona kali, na uzito wake ugawanywe juu ya ekseli nyingi, reli zisipondeke. Ukisoma unaweza kusahau, ukijenga husahau.

Isitoshe, sisi ni wanachama wa Chama cha Kiswahili. Wangapi kati yetu wanajua taruma ni nini? Kiberenge je? Maneno haya yanakwenda pamoja na wazee walioyatumia kazini. Tukijenga reli yetu tutalazimika kukiita kila kipande kwa jina lake, na tukikosa jina tutawaendea wastaafu wa reli tuwaulize.

Kwa hivyo, naomba mambo mawili. Walimu wetu waturuhusu kutumia meza moja ya karakana siku ya Ijumaa jioni, Chama cha Kiswahili na kile cha Sayansi kwa pamoja, ili tuijenge Mount Gelai. Nanyi wanafunzi wenzangu, leteni kadibodi, nyaya na redio mbovu badala ya kicheko. Mwenye injini aliyoletewa na shangazi kutoka ng'ambo naye asiifiche. Ailete tuiendeshe, tutamrudishia ikiwa imepakwa mafuta.

Kalamu yangu inaishiwa na wino. Mwenye maoni tofauti ana ruhusa kunijibu katika toleo lijalo, ila aje kwanza ashike swichi aone. Kwaherini.