Asiyekuwepo na Lake Halipo

Baraza la Kutunga Sheria la Uganda lilianza vikao vyake Entebbe mwaka 1921. Kwa miaka 24 halikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja, ilhali sheria zake zilimfunga mkulima wa Mbale shambani kwake. Mwaka 1945 waliingia watatu. Jimbo la Mashariki lilisemewa na Yekonia Zirabamuzaale wa Busoga.

Leo muswada husomwa Bungeni mara tatu. Ukisha kusomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na huko mwananchi huweza kutoa maoni yake. Basi, akina mama na akina baba, uletwapo muswada wa ardhi au urithi, semeni mapema, kabla haujawa sheria.