Safari ya angani kutoka sebuleni: nani ameshika usukani?



Ndugu wazazi, katika nyumba nyingi za Buseresere, baada ya swala ya Isha, kila mtu huinamia simu yake. Baba aliyerejea kutoka machimboni anatazama mpira, mama anasikiliza mawaidha, na kijana yuko pembeni na mchezo ambao hakuna mkubwa aujuaye. Watu watano chini ya paa moja, kila mmoja katika nchi yake. Kwa hiyo juma hili tuzungumzie jambo ambalo vijana wamekwisha kulipenda, nalo laweza kuirudisha familia mbele ya kioo kimoja: programu za urubani wa kuigiza.

Chimbuko la jambo hili ni mafunzo, si mchezo. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza chombo cha kumfundishia rubani akiwa ardhini, ili makosa yake ya mwanzo yasimgharimu maisha. Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikatoa programu ya namna hiyo kwa kompyuta za nyumbani. Programu za leo hutumia picha zilizopigwa kutoka satelaiti, hata mtu akaitambua milima, mito na miji. Matoleo mapya ya Microsoft yanahitaji kompyuta yenye nguvu na bando kubwa. Lakini ipo FlightGear, inayopatikana bure, na tangu mwaka 2007 Google Earth ya kwenye kompyuta imekuwa na sehemu ya kurusha ndege. Kompyuta moja ya kawaida, hata ya kuazima kwa ndugu, yaweza kutosha.

Sasa tufanye safari fupi. Kijana aongoze, nasi wengine tukae nyuma yake. Tunaanzia uwanja wa ndege wa Geita ulioko Chato, tunaelekea kaskazini juu ya ziwa. Muda si mrefu kinatokea kisiwa cha kijani: Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Ni jirani yetu, lakini ni wangapi kati yetu wamefika? Tunageuka mashariki, visiwa vinapita chini yetu, hadi Ghuba ya Mwanza mahali lilipo Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Kisha tunarudi kupitia Geita, tukiyaona kutoka juu mashimo ya mgodi yalivyoikata ardhi, na vilima vilivyobaki kandoni mwake.

Faida kubwa ya safari hii imo katika mazungumzo yanayozaliwa njiani. Bibi atasema, "Mjukuu wangu, teremka kidogo, hapo ndipo tulipokuwa tukivuka kwa kivuko." Baba ataeleza jinsi dhahabu inavyotolewa, na jinsi wenzake wengine walivyoingia shimoni wasirudi. Mtoto atauliza ziwa linaishia wapi, naye ataambiwa kwamba lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kwamba Uganda na Kenya pia zinakunywa humo. Wazee wetu wanaijua nchi hii kwa miguu yao, lakini elimu hiyo inaondoka nao kwa sababu hakuna aliyewauliza. Kioo kikiwa kimoja, mtoto hupata sababu ya kuuliza na mzee hupata mahali pa kuanzia kusimulia.

Hapo Rubondo pana kisa kinachofaa kuwasimulia watoto. Sokwe wa kisiwa hicho waliletwa kutoka Ulaya kuanzia mwaka 1966 kwa juhudi za Shirika la Wanyama la Frankfurt, lililoongozwa na Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani. Miaka michache kabla ya hapo, yeye na mwanawe Michael walikuwa wakiruka pamoja juu ya Serengeti, katika ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakiwahesabu wanyama. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile iligongana na tumbusi, Michael akafariki. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro, na baba yake naye akaja kuzikwa pembeni yake. Mtoto anayeangusha ndege mara kumi kwa usiku mmoja, kisha akabonyeza kitufe na kuanza upya, anahitaji kukijua kisa hiki. Roho ya mwanadamu haina kitufe cha kuanzia upya.

Ipo pia safari ambayo kila Muislamu huitamani. Yule mzee ambaye bado hajajaaliwa uwezo wa kuhiji anaweza kuonyeshwa njia: kutoka pwani yetu, kando ya Pembe ya Afrika, kuvuka Bahari ya Shamu hadi Jeddah, kwani Makka yenyewe haina uwanja wa ndege. Njiani kijana aonyeshwe Yalamlam, mikati ambayo Mtume (s.a.w.) aliwawekea watu wa Yemen na wanaopita njia yao. Aelezwe kwa nini hujaji aliye angani huvaa ihramu kabla ndege haijatua. Somo la mikati, ambalo vitabuni humchosha, hapa ataliona kwa macho.

Hata hivyo tuseme wazi: kuona Makka kwenye kioo si kuhiji, wala anayeruka akiwa sebuleni si msafiri kisheria. Hana ruhusa ya kupunguza swala wala ya kula mchana wa Ramadhani. Safari inayotajwa katika hukumu hizo ni ya mwili, mtu atoke mjini kwake. Kwa mzee mwenye shauku, picha isiwe ndiyo kisingizio cha kuacha kuweka akiba.

Pia kioo hakisemi kweli yote. Picha za satelaiti zina umri; zikiwa za zamani, daraja halitaonekana hata kama watu wanalipita kila siku. Mtoto afundishwe kwamba aliyepita mahali kwa miguu huenda akayajua ambayo picha haiyajui. Katika zama hizi za picha za uongo, funzo hilo peke yake latosha kuuhalalisha muda uliotumika.

Yapo na madhara ya kuchunga. Bando linalonunuliwa kwa fedha ya unga ni israfu. Baadhi ya programu zina ndege za kivita. Mzazi achague safari za kutazama nchi, aziache za kurusha mabomu. Kompyuta ikae sebuleni, isiingie chumbani. Tena usukani uzunguke, binti naye apate zamu yake kama kaka yake, kwani udadisi juu ya ardhi ya Allah hakugawiwa mvulana peke yake.

Qur'ani inatuita tutembee katika ardhi na tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji, na katika Suratul Mulk inatuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu, ambao hakuna awashikiliaye angani ila Yeye. Wahenga wetu katika Uislamu waliitikia wito huo wa kutazama. Abbas ibn Firnas wa Cordoba, aliyefariki mwaka 887, anasimuliwa kuwa alijifunga mabawa akaruka. Akaelea angani, lakini akaumia wakati wa kutua, kwa kuwa hakuzingatia kazi ya mkia anaoutumia ndege anaposhuka.

Mzazi naye azingatie kutua. Kupaa ni rahisi, na kila kijana anakuweza. Kazi iko katika kukubaliana, kabla ya safari kuanza, ni saa ngapi itakwisha, na kwamba adhana ikisikika ndege inatua popote ilipo. Nyumba iliyoweza hilo haitakuwa na hofu na kioo. Iliyoshindwa, bora isipae kwanza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Hatutaulizwa watoto wetu waliruka umbali gani; tutaulizwa tulikuwa wapi walipokuwa wakiruka.

Usiku wa Ijumaa hii, mzazi mwenye uwezo na ajaribu safari moja tu, ya nusu saa, kuanzia Chato. Amkalishe bibi kiti cha mbele.

Wabillahi tawfiiq.